Benchi la Alhamisi

Kwenye dirisha la malipo la Hospitali ya Rehema, nje kidogo ya mji wa Kibondo, pamebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa ya bluu: SIRI YA MGONJWA NI HAKI YAKE. Winifrida aliisoma kwa mara ya kwanza miaka saba iliyopita, akaiamini. Darasa la saba lilimtosha kusoma, na shida ilimtosha kuamini. Jumatatu hiyo aliisoma tena kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuweka macho. Mbele yake alisimama mnunuzi mmoja wa mahindi, kitambi kimetangulia, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Yule bwana alipenyeza noti dirishani, karani akazihesabu, akagonga mhuri, akampa stakabadhi. Hakuulizwa anatoka kijiji gani. Hakuulizwa mwenyekiti wake wa kitongoji ni nani. Hakuulizwa anaumwa nini. Akaondoka akipiga mluzi.

Ugonjwa wa mwenye hela hauna jina.

"Prudensia Ntahondi!" karani akaita, sauti ya kumwamsha aliyelala wodi ya tatu. "Yule wa kifafa na kuungua! Ndugu zake wapo?"

Winifrida akageuka haraka kuangalia foleni. Nyuso zote zilikuwa ngeni. Akapumua. Watu wa Kibondo hawakumjua yeye wala mwanawe, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyomleta Kibondo.

Maana dawa ya kifafa ilikuwapo karibu na kwao. Zahanati ya jirani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kijijini Mrubanga, kule upande wa Kagerankanda, ilitoa vidonge hivyohivyo kila Alhamisi. Lakini kila Alhamisi wagonjwa wa kifafa waliwekwa kwenye benchi lao peke yao, nje, mwisho wa jengo, wakisubiri waitwe. Nani aliamua hivyo, hakuna aliyekumbuka. Benchi lilikuwa pale, na aliyelikalia alijulikana kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Wazazi waliwaonya watoto wasikanyage mate ya watu wa benchi, kwa kuwa watu wanaamini kwamba povu la kifafa linamrukia mwingine. Mama mmoja, Mwanahawa, alikuwa akiuza maandazi pale senta tangu ujana wake. Alhamisi moja tu kwenye lile benchi ilitosha, na Ijumaa yake alirudi nyumbani na beseni la maandazi vilevile alivyotoka nalo.

Winifrida aliyaona hayo kwa macho yake. Kwa hiyo Prudensia alipoanguka mara ya kwanza kisimani, akiwa na miaka kumi na mitatu, mama yake alimfuta povu, akaangalia huku na huku, akamshukuru Mungu kwamba walikuwa wawili tu. Wiki ile ile akamvusha Kasulu, akamleta Kibondo. Karani alipouliza kijiji, Winifrida akasema Gwarama. Hakuwa na ndugu Gwarama. Aliwahi kupita huko mara moja na magunia ya maharage, na hilo ndilo jina lililomjia ulimini.

Kuanzia hapo akawa ananunua siri kwa nauli, mwezi hadi mwezi, kama wengine wanavyonunua sukari. Na siri ilikaa. Prudensia akakua, akajifunza cherehani. Sasa alikuwa na miaka ishirini, na huu ulikuwa mwaka wa nne anashona barazani kwa Bi Mwajabu, mwenye duka la vitambaa mjini Kasulu, ambaye wazee wake walitoka Ujiji. Alishona sare za shule. Kina mama walimpangia watoto wao mstari, naye akawazungushia futi shingoni, kifuani, kiunoni, akiwachekesha wasijikunyate. Fundi wa nguo anaishi kwa kugusa watu. Siku watu watakapokataa kuguswa naye, hana kazi. Winifrida alilijua hilo, na kwa ajili hiyo angekula nyasi kabla ya kukosa nauli ya Kibondo.

Mwaka huu maharage yaliozea shambani kwa mvua, nauli ikakosekana. Wiki mbili bila vidonge. Jumamosi moja alfajiri, Prudensia akiwa nyumbani Mrubanga kumsalimu mama, aliinama kupuliza jiko la mkaa na hakuinuka. Mkono wa kulia, ule wa mkasi, uliiva kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Gari za kwao zote zinaishia Kasulu mjini, na Kasulu kuna hospitali, unaiona pale pale unaposhuka. Winifrida aliitazama, akampandisha mwanawe kwenye gari la Kibondo. Walipopita karibu na duka la Bi Mwajabu akamsukuma kichwa chini ya kitenge na kumwambia, "Usilie, mama, usilie, watakusikia." Binti akauma kitenge. Hilo Winifrida hajamsimulia mtu mpaka leo. Kijijini na kwa Bi Mwajabu alisema Prudensia ameenda Kibondo kumuuguza shangazi.

Wiki tatu wodini. Sasa mkono ulikuwa umeanza kuota ngozi, daktari ameandika ruhusa, lakini ruhusa ya daktari haifungui geti. Kuna deni la laki moja na elfu themanini na saba dirishani, na kila siku anayolala mgonjwa inaongezwa juu yake. Kitanda chenyewe wameshakitoa. Prudensia alikuwa akilala kwenye mkeka, katikati ya vitanda viwili.

"Huna? Basi nenda ustawi wa jamii, chumba namba tisa," karani akasema. "Anayefuata!"

Afisa wa chumba namba tisa aliitwa Lukmani. Alikuwa kijana mpole, ndevu zimechongwa vizuri, mwenye mazoea ya kukuambia "usijali" kabla hujafika kwenye linalokusumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hili deni linaweza kusamehewa, usijali. Hatuwatupi wasio na uwezo. Ila lazima kijiji kithibitishe kwamba kweli huna uwezo. Sasa jana nimempigia mtendaji wa Gwarama, anasema daftarini kwake hakuna Ntahondi, wala Winifrida hamjui."

Winifrida alitazama mikono yake. Miaka saba lile neno Gwarama lilikuwa limemlinda kama ukuta. Kumbe ukuta huohuo ndio uliomfungia ndani.

"Mimi si wa Gwarama, mwanangu. Ni wa Mrubanga. Kagerankanda."

Lukmani akaweka kalamu chini. "Kagerankanda ya Kasulu? Mama, unatoka huko, unaziruka hospitali zote za Kasulu, unakuja huku kuandikisha Gwarama?"

"Nilikosea."

"Miaka saba?"

"Ego, ndiyo. Nilikosea miaka saba."

Lukmani hakucheka. Alibonyeza kompyuta, akabadilisha kijiji, na mashine iliyokuwa kando ikatema karatasi moja yenye joto. Fomu ya maombi ya msamaha wa malipo. Winifrida akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Jina. Umri. Kijiji, safari hii cha kweli. Mstari wa nne kidole kikasimama. UGONJWA: KIFAFA. MAJERAHA YA MOTO.

"Hii ndiyo naenda nayo kwa mtendaji?"

"Ndiyo. Asaini hapa, agonge mhuri hapa."

"Na hili neno?"

"Lipi?"

Akamwonyesha kwa ukucha. Hakulitamka.

"Aa, hilo ni la mfumo, mama. Daktari akishaliingiza linatoka lenyewe. Mimi siwezi kuligusa."

"Andika kuungua peke yake. Si ameungua? Mkono si uko wazi kila mtu anauona?"

"Mfumo unaanza na ugonjwa wa msingi."

"Mwanangu, nisikilize. Mtendaji anatakiwa kuthibitisha nini? Umaskini wangu, au ugonjwa wa mwanangu?"

"Umaskini."

"Umaskini wangu anaujua. Anapita kwangu anauona umekaa mlangoni. Sasa kwa nini mnampelekea na ambalo hakuuliza?"

Lukmani alikuna ndevu. Lilikuwa swali zuri, na yeye mwenyewe aliliona kuwa ni zuri. Anayetaka kujua jinsi watu wanavyoumizwa na watu wasio wabaya, angekaa kwenye kile chumba akamtazama kijana mpole akiliangalia swali zuri, kisha akilipisha lipite kama anavyopishwa mgeni ambaye hakupikiwa.

"Kijiji lazima kijue kinaombea msamaha wa nini," akasema. "Ndivyo fomu ilivyo. Usijali, mama. Mtendaji ni kiongozi, anatunza siri."

"Na lile bandiko lenu la dirishani?"

"Lile linatuhusu sisi watumishi. Hii fomu unaibeba mwenyewe."

Unaibeba mwenyewe. Maneno hayo hayakuwa mageni kwa Winifrida. Alikuwa mtoto wa miaka minane, enzi za kodi ya kichwa, mgambo walipomkamata baba yake, mzee Bitaliho, njiani bila stakabadhi. Waliwafunga kamba wanaume kumi na mmoja. Na kwa kuwa mzee Bitaliho alikuwa na mabega mapana, walimtwisha sanduku la madaftari ya wasiolipa, akalibeba maili sita hadi barazani. Walipofika wakalifungua, wakaanza kusoma majina mbele ya wake na watoto, na la kwanza kusomwa likawa lake. Kodi ile ilikuja kufutwa. Baba yake naye akafa. Lakini mtindo haukufa. Maskini wa nchi hii anatwishwa aibu yake, anaambiwa aifikishe salama.

Alikunja fomu, akarudi wodini.

Kwenye kitanda cha pembeni alikuwa amelazwa Jeannette, Mkongo aliyekuwa akichuuza vitenge Kibondo, mguu wake umefungwa kwa sababu ya pikipiki. Alimwona Winifrida akijifuta macho.

"Mama Prude, unalia juu ya nini?"

Winifrida akampa fomu. Jeannette akaisoma kimyakimya, akamtazama Prudensia aliyekuwa amelala mkekani, kisha akashusha sauti.

"Kwetu, neno mubaya kama iko ndani ya papier, tunaikwangula na lame." Akachomoa wembe kwenye pochi yake. "Pole pole. Juu juu. Usikate, unapanguza tu, kama unapanguza uso ya mutoto."

Prudensia alikuwa macho. "Mama, acha," akasema. "Watajua."

"Watajua nini, na neno halipo?"

Winifrida akakaa kwenye mwanga wa dirisha, akakwangua. Herufi zikatoka moja moja kama unga. Kwanza K, halafu I, halafu zile F mbili zikang'ang'ania. Alipomaliza, mstari ulisomeka: UGONJWA, kisha pengo, kisha MAJERAHA YA MOTO. Akapuliza vumbi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akatabasamu.

Jumanne asubuhi alikuwa Mrubanga.

Asilolijua ni kwamba siku hiyo ofisi ya kijiji ilikuwa inaandikisha watu wa mbolea ya ruzuku. Baraza lilijaa pomoni, kila mtu na kitambulisho mkononi, mlango wazi, dirisha wazi. Winifrida alitaka kugeuka. Lakini kesho ni siku nyingine juu ya deni, na nauli ya kurudi Kibondo na kumleta Prudensia ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kitenge, ya safari moja, haina ndugu.

Mtendaji wa kijiji aliitwa Bukuru, mtu wa maneno mengi na mchangamfu.

"Mwakeye, Mama Prude! Umepotea. Shangazi anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mtendaji, naomba tuzungumze pembeni."

"Pembeni ipi? Ofisi ni hii hii. Leta."

Akampa fomu iliyokunjwa mara nne. Bukuru akaikunjua, akaisoma akitikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe Prude ameungua! Pole sana. Sisi tunajua shangazi..." Akaielekeza karatasi kwenye mwanga wa mlangoni. Pale palipokwanguliwa palikuwa pembamba kama ngozi ya lengelenge, jua linapita.

"Hapa pamefanyaje?"

"Panya," Winifrida akasema. Hakujua hata lilikotoka.

"Panya?" Bukuru akawageukia wa barazani, maana alikuwa mtu asiyeweza kucheka peke yake. "Jamani, Kibondo kuna panya wamesoma! Wameruka jina, wameruka umri, wamekula neno moja tu!"

Wakacheka. Winifrida naye akacheka, cheko la kuomba.

"Mama Prude," Bukuru akasema, safari hii taratibu, "mwaka jana nimepewa onyo la maandishi kwa kugonga mhuri kwenye karatasi iliyochezewa. Sirudii. Ngoja nipige hapa, namba yao ipo chini."

"Usipige. Nitawaletea nyingine."

"Kwa nauli gani? Nakusaidia, bwana."

"Mtendaji, baba, nakuomba usipige."

Lakini alikuwa ameshapiga. Na simu ya Bukuru, kijiji kizima kilijua, ilikuwa imekufa sikio tangu ilipotumbukia kwenye ndoo. Haikusikika ila kwa spika. Akailaza mezani, ikaita mara tatu.

"Haloo, ustawi wa jamii, Lukmani hapa."

"Bwana afisa, mimi mtendaji wa Mrubanga. Nina Winifrida mbele yangu, ana fomu yenu imekwanguliwa sehemu ya ugonjwa. Niiamini?"

"Usiseme!" Winifrida akaurukia mkono wa Bukuru ulioishikilia simu mezani. "Mwanangu, usiseme, kuna watu!"

Kule upande wa pili, katika chumba namba tisa, kijana mpole alisikia sauti ya mama aliyechanganyikiwa, akadhani anakataliwa. Akaamua kumtetea kwa nguvu zake zote.

"Namsikia mama mwenyewe hapo. Usijali, mama. Mtendaji, fomu ni halali kabisa na huyo mama ni mkweli. Binti yake Prudensia ana kifafa, tunamtibu hapa mwaka wa saba sasa. Safari hii kimemwangushia kwenye jiko. Wahurumieni, tafadhali, hali yao ni mbaya sana."

"Nimekupata. Ahsante."

Simu ikazimika. Barazani hata aliyekuwa akikohoa aliacha kukohoa.

"Kumbe," mtu akasema.

Tunu, jirani yao wa nyumba ya tatu, aliongea kama anayejisemea mwenyewe. "Juzi juzi amempima mwanangu sare. Futi amemzungushia hapa." Akajishika shingo. Kisha akafuta kiganja kwenye kanga yake, mara mbili.

"Na kwenye matanga ya mzee Kilihenda, si yeye aliyesonga ugali?"

"Mimi nilikula."

"Hata mimi."

Wakaanza kuhesabu walichokula. Kutoka nyuma kijana mmoja akapaza sauti: "Kumbe shangazi wa Kibondo ni wodi!" Vicheko vikarudi, si vile vya panya.

"Hakiambukizi!" Winifrida akasema. "Daktari ameniambia kwa kinywa chake, hakiambukizi kwa mate, hakiambukizi kwa futi, hakiambukizi kwa ugali! Miaka saba mmekula naye, mmelala msibani naye, nani kati yenu ameanguka? Aseme! Tunu, mwanao ameanguka?"

Tunu akatazama pembeni. Wengine walimwangalia Winifrida tu kama anavyoangaliwa mtu anayepigana na mvua.

Bukuru akagonga mhuri, akausindikiza kwa kuupulizia. "Pole sana, Mama Prude. Ungeniambia mapema tungejua la kufanya," akasema, na alikuwa anamaanisha. Kisha akavuta karatasi nyingine yenye mistari, akaanza kuandika: jina, ugonjwa, kiasi.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya ubao wa matangazo. Waliosamehewa lazima wabandikwe, ni kwa ajili ya uwazi. Mwaka jana watu walilalamika kwamba tunawasamehe ndugu zetu."

"Bandika jina. Acha ugonjwa."

Bukuru akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama Prude, siri ya nini tena? Si watu wote wamesikia?"

Wale wabaya, mtu unajua pa kuwatupia jiwe. Lakini Winifrida alisimama pale akatafuta wa kumtupia, hakumwona. Lukmani alimtetea. Bukuru alimgongea mhuri na kumpa pole. Mfumo hauna uso. Aliyeweka ule mstari wa nne kwenye fomu amekaa mahali fulani kwenye kiti kinachozunguka, na akiumwa yeye, anapenyeza noti dirishani, anaondoka akipiga mluzi.

Jumatano, Kibondo, mambo yalikwenda mbio. Karani akaangalia mhuri, akaandika MSAMAHA kwa kalamu nyekundu juu ya fomu, akamkabidhi bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi. Juu yake kulikuwa na neno moja limegongwa kwa wino mwekundu: SIRI.

"Hii ni taarifa ya mgonjwa, muwape zahanati ya kwenu waendelee na dawa," karani akasema. "Msiifungue, na asiione mtu mwingine. Tunazingatia sana hilo."

Winifrida alitazama bandiko la bluu, akamtazama karani, akafungua mdomo. Nyuma yake mtu akamgusa bega kumwambia asogee, wengine wana haraka.

Njiani Prudensia hakuwa na haja ya kuuliza. Uso wa mama yake ulikuwa umeshabandikwa kama ule ubao wa Mrubanga, unasomeka. Walipofika Kasulu ilikuwa alasiri. Safari hii hakuna aliyeinamisha kichwa. Walishuka, wakavuka barabara hadi kwa Bi Mwajabu.

Habari ilikuwa imewatangulia na gari la asubuhi la magunia ya mahindi.

Cherehani ya Prudensia ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa. Bi Mwajabu alitoka nyuma ya kaunta, akamkumbatia, akaushika mkono wake mzima, akaushikilia kabisa, mbele ya wapita njia. Hilo Winifrida hatalisahau.

"Pole, mwanangu. Pole, Mama Prude. Mimi siogopi. Wallahi siogopi. Tungeambiana tu mwanzoni." Akashusha pumzi. "Lakini tangu asubuhi wamekuja wanawake watano kuchukua vitambaa vyao. Hakuna aliyesema neno. Kila mmoja amekumbuka ana haraka. Na mimi hapa nimepanga, mnajua."

"Tunajua, Bi Mwajabu," Winifrida akasema.

"Mkono ukipona tutaongea."

"Inshallah," Prudensia akamjibu, kwa adabu ya kumwitikia mwenye nyumba kwa lugha yake. Watatu wote walijua kwamba mkono ukipona hawataongea.

Bi Mwajabu akampa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na mkasi, vipande vya chaki na futi. Prudensia akaichukua ile futi kwa mkono wa kushoto, akaizungusha shingoni kwake, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka minne kabla ya kukaa kwenye cherehani. Akasimama nayo hivyo kidogo. Kisha akaivua, akaikunja, akairudisha mfukoni.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Hakukuwa na haja ya Kibondo tena. Nauli imeokoka, ndiyo faida iliyopatikana. Mama na binti walitembea kwa miguu hadi zahanati ya jirani, wakapita mbele ya foleni ya kina mama wenye watoto, wakaenda moja kwa moja hadi mwisho wa jengo. Hakuna aliyewaelekeza. Kwenye benchi walikuwapo watu watano, na wa mwanzo alikuwa Mwanahawa, yule wa maandazi, amezeeka sasa. Akawatazama, akamtazama Prudensia mkono wake, akasogea.

"Kaa, mwanangu. Hapa hakuna wa kukukimbia."

Prudensia akakaa. Foleni ya mbali ilikuwa inawaangalia bila kujificha. Muuguzi alipotokea mlangoni akapaza sauti, "Wa kifafa, jiandaeni!" na kurudi ndani.

Binti aliishusha bahasha ya kaki kutoka kwapani, akaiweka mapajani. Akalipapasa lile neno jekundu kwa kidole gumba.

"Mama."

"Ee."

"Hii sasa tunamficha nani?"

Winifrida aliichukua ile bahasha, akaifutika kwenye pindo la kitenge pale ilipokuwa inakaa nauli, akalifunga fundo mara mbili, akalikaza.

Mikono yake ilikuwa imeshazoea.